KILA MLANGO KWA UFUNGUO WAKE
Somo kwa mafundi wa kuchomelea: jinsi ya kuchagua rola za waya wenye unga



Wengi kati ya mafundi wetu hapa kambini walijifunza kuchomelea kwa rodi. Siku hizi baadhi ya vikundi vimepata mashine za kulisha waya, yaani zile ambazo waya hutoka wenyewe kwenye tochi fundi anapobonyeza kitufe. Mashine hizi ni nzuri na zina kasi, lakini zina sehemu ndogo ambayo wengi hawaiangalii kabisa. Sehemu hiyo ni rola za kusukuma waya. Somo letu la leo ni juu ya rola hizo.

Hata kama wewe si fundi, usiruke ukurasa huu. Unakalia benchi, unafunga mlango wa chuma, na pengine mzazi wako anapanda baiskeli ya magurudumu matatu. Vyote hivyo vimetoka mikononi mwa mafundi hawa.

KWA NINI TUNAANDIKA SOMO HILI

Mwezi wa Oktoba 2023, mvua zilipoanza, kikundi kimoja cha vijana katika mtaa wetu kilitengeneza upya baiskeli ya magurudumu matatu ya mama mmoja asiyeweza kutembea. Siku ya tatu, mama huyo akiteremka kwenda zahanati, bomba la mbele liliachana pale lilipochomelewa. Alianguka, akaumia kifundo cha mkono.

Kikundi kilikutana jioni hiyo hiyo. Lawama zote zilimwangukia kijana aliyeshika tochi. Wengine walisema mkono wake unatetemeka. Wengine walisema amezoea pombe. Yeye alisema neno moja tu: "Waya ulikuwa unakatika-katika." Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa mwandishi wa kikao, na ni mimi niliyeandika jina lake katika daftari chini ya maneno "amesimamishwa".

Baada ya wiki mbili kila aliyeshika tochi ile alianza kulalamika vile vile. Ndipo alipoitwa mzee mmoja, fundi wa zamani wa gereji. Hakuuliza nani alichomelea. Alizima mashine, akafungua kifuniko cha pembeni, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya rola.

"Mwanangu, rola hii ina meno?"

"Hapana, Mzee. Ni laini."

"Na waya wenu ni wa aina gani?"

"Ni ule wenye unga, Mzee. Hatuna gesi."

"Unene wake?"

"Sufuri nukta tisa."

Akageuza rola tukaona namba: 0.8. Chini ya rola palikuwa na unga wa kijivu umejaa kama majivu ya jikoni. Mzee akasema: "Huyo kijana mmemfukuza bure."

Mwisho wa somo nitaeleza tulichofanya. Kwanza tujifunze alichokiona mzee yule.

1. WAYA NI WA AINA MBILI KUBWA

Aina ya kwanza ni waya mzima. Huu ni chuma kitupu tangu nje hadi katikati, mara nyingi umepakwa shaba nyembamba na unang'aa kama senti mpya. Waya huu lazima utumiwe pamoja na gesi ya mtungi. Kwenye boksi lake mara nyingi utaona maandishi ER70S-6.

Aina ya pili ni waya wenye unga. Huu ni mrija mwembamba wa chuma uliojazwa unga ndani. Unga ule unapoungua hutoa moshi unaokinga chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa, tena huacha ganda juu ya kiungo kama lile la rodi. Waya wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1950, kwa hiyo si jambo la majaribio.

Waya wenye unga nao umegawanyika. Upo unaojikinga wenyewe bila gesi. Boksi lake huandikwa E71T-11 au E71T-GS. Upo pia unaohitaji gesi juu ya unga wake. Huo huandikwa E71T-1 na herufi nyingine kufuata. Kwa sisi tusio na mitungi, na tunaofanya kazi nje penye upepo, ule wa kwanza ndio unaotufaa.

Kumbuka pia kwamba E71T-GS ni wa mabati na mabomba membamba, tena kwa mstari mmoja tu. Usipange mstari juu ya mstari kwa waya huo.

Ili uelewe tofauti, chukua kijiti kikavu cha mti na bua la jani la mpapai. Kijiti ukikibana kwa vidole hakibadiliki. Bua la mpapai lina uwazi ndani, na ukilibana kwa nguvu linapondeka na kupasuka. Waya mzima ni kile kijiti. Waya wenye unga ni lile bua. Mambo yote yanayofuata katika somo hili yanatokana na tofauti hiyo.

2. KAZI YA ROLA

Waya hutoka kwenye koili, hupita kati ya rola mbili (mashine kubwa zina nne), huingia kwenye mrija mrefu ulio ndani ya kebo, na kutokea kwenye ncha ya shaba mbele ya tochi. Rola ndizo zinazousukuma waya katika safari hiyo yote. Kebo ikiwa na urefu wa mita tatu, rola zinasukuma waya kupita mita tatu za mrija, na kebo ikiwa imepindapinda kazi huwa nzito zaidi.

Rola ya chini huzungushwa na mota. Ile ya juu hukandamizwa na springi, na springi hiyo hukazwa kwa skrubu ya mkono. Wanaoshona kwa cherehani wataelewa upesi. Ukilegeza mno kikazio cha uzi, mshono unalegea. Ukikaza mno, uzi unakatika. Hapa pia ni hivyo.

Waya ukisukumwa kwa mwendo ulio sawa, moto wa kuchomelea hutulia na chuma huingiliana vizuri. Waya ukisitasita, moto huruka-ruka: mara unawaka, mara unazimika. Kwa nje mstari unaweza kuonekana umekamilika, kumbe ndani una matundu, na mahali pengine chuma kimelala juu tu bila kushikana. Kiungo cha namna hiyo kinaweza kubeba mzigo siku mbili, kisha siku ya tatu kikaachia.

3. AINA ZA ROLA

(a) Rola laini yenye mfereji wa umbo la V. Hii ni ya waya mzima wa chuma. Pande mbili za V huushika waya vizuri, na kwa kuwa waya ni mgumu, hauumii.

(b) Rola laini yenye mfereji wa umbo la U. Hii ni ya waya laini kama wa aluminiamu. U huukumbatia waya bila kuukwaruza.

(c) Rola yenye mfereji wa V wenye meno. Ndani ya mfereji kuna vijimeno vidogo vidogo kama vya tupa. Hii ndiyo rola ya waya wenye unga. Meno huushika waya kwa kubana kidogo tu, kwa hiyo haihitajiki nguvu ya kuuponda.

(d) Rola yenye mfereji wa U wenye meno. Hii hutumika kwa waya mnene wenye unga, hasa wa kujazia vyuma vilivyolika. Katika karakana zetu si rahisi kuiona.

Sasa msikilize mtu anayeuliza: "Kwa nini nisitumie rola laini, halafu nikaze zaidi?" Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi. Rola laini iliteleza, tukakaza. Ikateleza tena, tukakaza tena. Mwishowe mrija wa waya ukapondeka na kuwa bapa, mshono wake ukafunguka, unga ukamwagika chini ya rola. Waya ukafika mbele ukiwa hauna kinga ya kutosha, tena bapa kiasi cha kukwama katika ncha ya shaba.

Mwingine atauliza: "Basi niweke rola zenye meno kwa kila waya?" Hapana. Meno hukwangua shaba iliyopakwa juu ya waya mzima. Vumbi la shaba na chuma huingia kwenye mrija na kuuziba pole pole, na ncha ya shaba hulika upesi. Kwa waya wa aluminiamu ni vibaya zaidi, maana meno huutafuna. Kila mlango kwa ufunguo wake.

4. UKUBWA WA MFEREJI

Aina ikishapatikana, tazama ukubwa. Mfereji lazima ulingane na unene wa waya. Unene huandikwa kwenye kibandiko cha koili, na ukubwa wa mfereji huchongwa ubavuni mwa rola.

Mashine nyingine huandika kwa milimita na nyingine kwa inchi. Nakili orodha hii ukutani mwa karakana:

.024 ni karibu 0.6 mm
.030 ni karibu 0.8 mm
.035 ni karibu 0.9 mm
.045 ni karibu 1.2 mm
1/16 ni karibu 1.6 mm

Mfereji ukiwa mdogo kuliko waya, waya hukaa juu juu na kupondwa. Mfereji ukiwa mkubwa kuliko waya, waya huzama na kuteleza, kwa sababu rola ya juu haiukandamizi vizuri.

Jihadhari na jambo moja. Rola nyingi zina mifereji miwili, mmoja kila upande, na namba mbili. Katika mashine nyingine namba unayoiona ukiwa umesimama mbele ndiyo ya mfereji unaotumika, lakini usiamini hilo bila kuhakikisha. Weka waya mahali pake, kisha inama utazame: waya unatoka kwenye kielekezi cha nyuma, unapita katika mfereji, unaingia kwenye kielekezi cha mbele, vyote katika mstari mmoja ulionyooka. Mfereji ule waya unamopita ndio unaopaswa kuwa na namba ya waya wako.

Ukienda sokoni kununua rola, chukua ile ya zamani mfukoni. Namba ya mfereji peke yake haitoshi. Tundu la katikati, upana, na ukubwa wa duara la nje vyote lazima vilingane na mashine yako. Tundu likiwa kubwa, rola itayumba. Duara la nje likitofautiana, rola ya juu haitakaa sawasawa, na mwendo wa waya hautalingana na namba za kwenye kitufe. Uliza pia kama mashine yako inataka mfereji kwenye rola zote mbili, au ya chini tu huku ya juu ikiwa bapa.

5. KUBADILISHA ROLA, HATUA KWA HATUA

1. Zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Kama mnatumia jenereta, mwambie anayeisimamia asiiwashe mpaka umwambie.

2. Kata waya karibu na rola. Shika ncha ya upande wa koili kwa nguvu na uifunge kwenye tundu la koili. Ukiiachia, koili yote itajifungua kama springi na utapoteza waya mwingi.

3. Vuta nje waya uliobaki ndani ya kebo.

4. Legeza skrubu ya kukaza, inua mkono wenye rola ya juu.

5. Toa kifungo cha rola ya chini, vua rola. Angalia kipande kidogo cha chuma kinachozuia rola isiteleze kwenye mhimili. Kisije kikadondoka na kupotea.

6. Safisha mahali pote kwa brashi kavu. Unga na vumbi la chuma vyote vitoke. Usipake mafuta kwenye rola wala kwenye waya.

7. Weka rola mpya, mfereji unaotakiwa ukielekea kwenye mstari wa waya. Rudisha kifungo.

8. Kata ncha ya waya iliyopinda, uilainishe kwa tupa ili isikwaruze mrija. Pitisha waya kwa mkono mpaka uingie sentimita kadhaa kwenye kielekezi cha mbele. Funga mkono wa juu, kaza kidogo tu.

9. Toa ncha ya shaba kwenye tochi. Nyoosha kebo chini. Washa mashine, bonyeza kitufe mpaka waya utokeze, kisha rudisha ncha ya shaba ya unene ule ule wa waya.

6. KUKAZA KWA KIPIMO

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Kanuni ni hii: anza kwa kulegeza, kisha ongeza kidogo kidogo, nusu mzunguko kila mara.

Vaa glavu na miwani. Weka ubao mkavu juu ya meza isiyo ya chuma, mbali na kibano cha ardhi. Elekeza tochi kwenye ubao, ncha ikiwa umbali wa milimita 5 hivi. Bonyeza kitufe. Waya ukigonga ubao, rola zinapaswa kuteleza juu ya waya. Sasa rudisha tochi nyuma hadi milimita 50 hivi, ubonyeze tena. Safari hii waya unapaswa kupinda na kujikunja huku ukiendelea kutoka.

Kama kwa milimita 50 waya unasimama na rola zinateleza, ongeza nusu mzunguko. Kama kwa milimita 5 waya unaendelea kulazimisha bila rola kuteleza, umekaza mno, punguza.

Kisha fanya ukaguzi wa mwisho. Toa sentimita kumi za waya, uzikate, uzitazame kwenye mwanga. Alama ndogo za meno si kitu. Lakini waya ukiwa bapa, au ukiona ufa kwenye mshono na unga ukichungulia, punguza kabla hujaendelea.

Usisahau koili yenyewe. Koili ina breki yake katikati. Ukiachia kitufe, koili isimame mara moja. Ikiendelea kuzunguka, waya utalegea na kujifunga. Breki ikiwa ngumu mno, rola zitavuta kwa shida, nawe utadhani kosa ni la rola.

7. DALILI, SABABU NA LA KUFANYA

Waya unasitasita, moto unaruka-ruka: rola ni laini au mfereji ni mkubwa, au ncha ya shaba imelika, au kebo imepinda sana. Nyoosha kebo kwanza, kwa sababu hilo halina gharama.

Unga chini ya rola: waya unapondwa. Angalia namba ya mfereji, kisha punguza kukaza.

Vumbi la chuma linalong'aa chini ya rola: vielekezi havijanyooka na rola, au meno yanatafuna waya kwa kukazwa mno.

Waya unafumana mbele ya rola kama uzi uliokwama kwenye cherehani: mbele kuna kizuizi. Ncha ya shaba imeziba, mrija umejaa uchafu au ni mwembamba kuliko waya, na wakati huo huo rola zimekazwa mno kiasi kwamba haziwezi kuteleza. Kaza kwa kipimo, na siku ya kizuizi rola zitateleza badala ya kufuma waya.

Waya unayeyukia kwenye ncha ya shaba: waya unachelewa kufika, au tochi ilikaribishwa mno na kazi.

Vitundu juu ya mstari: waya una unyevu au kutu, kazi ina rangi au mafuta, au unga umepungua kwa kupondwa.

Cheche nyingi, na mstari unakaa juu kama tope lililodondoka: mara nyingi si rola. Ni chanya na hasi zimebadilishwa. Waya unaojikinga bila gesi, E71T-11 na E71T-GS, unataka tochi iwe hasi na kibano cha ardhi kiwe chanya. Waya mzima wenye gesi, na pia E71T-1, unataka tochi iwe chanya. Ndani ya kifuniko cha mashine mara nyingi kuna mchoro unaoonyesha jinsi ya kubadilisha.

8. KUTUNZA WAYA NA ROLA

Unga wa ndani huvuta unyevu, na waya una mshono unaopitisha hewa. Wakati wa mvua usiache koili kwenye mashine usiku kucha chini ya turubai. Itoe, uifunge katika mfuko wa plastiki usiotoboka, uiweke juu, mbali na sakafu ya udongo. Waya uliopata kutu hulika rola, mrija na ncha, na kiungo chake huwa na matundu.

Meno ya rola nayo hujaa vumbi. Kila unapobadilisha koili, yasugue kwa brashi ya nyaya. Ukipitisha ukucha na usisikie tena ukwaruzo wa meno, rola imekwisha kazi yake.

9. "SINA ROLA ZENYE MENO, NIFANYEJE?"

Hili ni swali la haki, maana duka lenye vipuri liko mbali na ruhusa ya kutoka kambini si jambo la kila siku.

Kwa waya mwembamba, kama wa 0.8, mashine ndogo nyingine huweza kuusukuma kwa rola laini ya V, mradi namba ya mfereji iwe sawa kabisa, kebo inyooshwe, mrija uwe safi, na kukaza kuwe kidogo. Jaribu kwenye vyuma chakavu. Waya ukienda sawa bila kupondeka, unaweza kufanya kazi ndogo ndogo kwa muda.

Lakini usichonge meno mwenyewe kwa msumeno au kwa grinda. Meno yatakuwa makubwa upande mmoja na madogo upande mwingine, na yatanyoa waya badala ya kuushika.

Kazi inayobeba mtu, kama kiti, ngazi, baiskeli ya mlemavu au mkongojo, isichomelewe kwa mashine ambayo waya wake unasitasita. Irudi kwenye rodi, au isubiri. Mteja akikasirika kwa kusubiri, mvumilie. Akianguka, hutaweza kulirudisha nyuma.

10. USALAMA

Kitufe cha tochi kikibonyezwa, waya wote una umeme, pamoja na koili na rola. Usiguse ndani ya kifuniko wakati huo. Vidole, mikono ya nguo iliyolegea na shanga viwe mbali na rola zinazozunguka.

Usielekeze tochi usoni mwako wala kwa mtu ili kutazama kama waya unatoka. Waya hutoka kwa kasi na unaweza kutoboa jicho.

Waya wenye unga hutoa moshi mwingi kuliko waya mzima. Fanyia kazi mahali pa wazi, simama upande upepo unakotoka. Mabati yenye zinki hutoa moshi unaoleta homa. Ondoa zinki kwa grinda kwanza, ukiwa umefunika pua na mdomo. Na watoto wasisogee kutazama mwanga, hata kwa mbali. Macho yao yataumia usiku.

TULICHOFANYA SISI

Kikundi kilichanga, tukapata rola moja yenye meno ya 0.9. Mzee alisimamia, nasi tukabadilisha. Tulirudi kwa yule mama, tukamwomba radhi mbele ya mumewe na kiongozi wa mtaa, tukachukua baiskeli yake. Viungo vyote vilivyochomelewa kwa rola ile ya zamani, hata vile vilivyoonekana vizuri, tulivisaga kwa grinda na kuvichomelea upya. Katika viungo sita, vinne vilikuwa na matundu ndani.

Kisha tulikwenda nyumbani kwa yule kijana. Alikuwa anafyatua matofali. Nilibeba daftari, nikamwonyesha nimefuta yale maneno na kuandika sababu yenyewe pembeni, kwa kalamu, na wanakikundi wote wametia sahihi. Hakusema mengi. Aliuliza: "Mlikaza mpaka wapi?" Tukamwonyesha kwa mkono. Akacheka kidogo, akanawa mikono, akaja. Leo yeye ndiye anayekagua rola kila asubuhi kabla mtu mwingine hajashika tochi.

Tumeweka kanuni moja katika kikundi, na tunawashauri wengine waichukue: kazi ikiharibika, kabla ya kutaja jina la mtu, fungua kwanza kifuniko cha mashine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wetu ulikuwa tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jadilianeni katika kikundi. Majibu yote yamo ndani ya somo.

1. Waya mzima na waya wenye unga hutofautianaje ukivibana?
2. Kwa nini rola yenye meno haifai kwa waya mzima uliopakwa shaba?
3. Koili imeandikwa .035. Utatafuta rola yenye namba gani ya milimita?
4. Unaona unga wa kijivu chini ya rola. Mambo mawili ya kuangalia ni yapi?
5. Eleza jaribio la ubao: nini kitokee kwa milimita 5, na nini kwa milimita 50?
6. Mnatumia waya wa E71T-11. Tochi iwe chanya au hasi?
7. Mteja anataka kiti cha mlemavu leo, na waya unasitasita. Mtamwambia nini?

Vikundi vyenye swali au jambo la kuongeza kutokana na uzoefu wao, waandike kwenye karatasi na kuitia katika sanduku la maoni lililo mlangoni mwa ofisi ya huduma za jamii. Fundi mmoja akijua jambo na asiwaambie wenzake, mtaa mzima unaendelea kukalia viti vibovu.

Kazi njema.